Kadi Nne za Shangazi

Shangazi yangu ana kadi nne za kliniki. Huzifunga pamoja kwa mpira mwembamba wa kufungia noti, kisha huzitia ndani ya kopo la biskuti lililo juu ya kabati, pale pale anapoweka hati ya nyumba na vyeti vya marehemu mumewe. Kadi ya kwanza ni ya presha, nayo imechakaa kwa kuwa ni ya tangu mwaka 2014. Tatu zilizobaki, ya kisukari, ya figo na ile ambayo yeye huiita ya mguu, zote zilifunguliwa mwaka 2021 katika muda usiozidi miezi tisa. Kila kadi ina siku yake ya kliniki, ina daktari wake na mwandiko wake, na hakuna hata moja inayotaja kwamba kuna nyingine. Siku nilipozipanga mezani kwa mara ya kwanza nilitafuta neno moja na sikulipata mahali popote: hakuna kadi iliyoandikwa kwamba mgonjwa huyu, mwezi Februari wa mwaka huo, alilazwa siku kumi na mbili kwa UVIKO-19.

Hata karatasi ya kuruhusiwa haikuandika hivyo. Iliandika nimonia kali. Wakati ule hapa Tanzania hapakuwa na takwimu mpya. Hesabu ya mwisho tuliyotangaziwa ilikuwa ya mwaka 2020, wagonjwa 509 na vifo 21, na baada ya hapo matangazo ya misiba yakapata msemo wake, "changamoto ya upumuaji". Ulikuwa msemo wa staha uliofichwa woga ndani yake, nami siwezi kuwacheka walioutumia, kwa sababu niliutumia mwenyewe nilipompigia simu kaka yangu aliyeko Muscat kumwarifu hali ya shangazi. Ubaya wake niliuona baadaye. Msemo ule ulitutajia ugonjwa unakaa wapi, na kwa kututajia hivyo ukatufanya tuamini kwamba mtu akishapumua vizuri amepona. Siku tulipomrudisha shangazi nyumbani kwake Ngamiani, hapa Tanga, alikuwa akipumua vizuri, tukapika pilau ya kushukuru.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Kwa miaka kumi na tisa nimeufundisha mwili wa binadamu sura kwa sura: upumuaji, usafirishaji wa damu, utoaji wa takamwili, uratibu wa neva. Mtihani nao huuliza sura kwa sura, na mwanafunzi anayeleta figo katika swali la mapafu hupigiwa mstari mwekundu, wakati mwingine na kalamu yangu mwenyewe. Ugonjwa wa shangazi ulinirudisha kusoma upya mambo niliyodhani nayajua, kwa kuwa ulipita katika sura zote hizo bila kubisha hodi.

Ulianza kama mafua. Lugha yetu ina neno hili moja kwa kamasi za siku tatu na kwa homa iliyoua mamilioni ya watu duniani mwaka 1918, na sina hakika kama tumewahi kulipa uzito wake. Shangazi alikohoa, akaumwa viungo, akapoteza hamu ya kula. Majirani wakaleta nyungu: majani ya mwarobaini, mchaichai, mikaratusi na malimau yaliyokatwa vipande, akafunikwa blanketi juu ya sufuria hadi akatoka jasho. Sina ugomvi na nyungu kama faraja. Mvuke hulainisha kamasi, na mgonjwa anayehudumiwa na jirani zake hujisikia hajaachwa. Ila mvuke hauendi mbali zaidi ya njia ya hewa, tena njia ya juu, na kufikia siku ya tano au ya sita jambo kubwa lilikuwa limekwisha kuhamia kwingine.

Siku ya tisa nilimkuta ameketi kitandani akitutania, huku kucha zake zimeingia rangi ya samawati. Kijana wa duka la dawa akambana kidoleni kile kifaa kidogo cha kupimia oksijeni, kikasoma 81. Mtu mzima mwenye afya huwa na 95 au zaidi. Kijana akadhani kifaa kimeharibika, akajipima yeye, akapata 98, akampima tena shangazi, 80. Nilijiuliza mtu anawezaje kutania akiwa katika hali hiyo, na jibu lake ni somo zuri la upumuaji ambalo sikuwahi kulifundisha kwa uzito unaostahili. Hamu ya kuvuta pumzi husukumwa zaidi na wingi wa kabonidioksidi katika damu kuliko upungufu wa oksijeni. Katika siku za mwanzo za ugonjwa huu mapafu mara nyingi huweza bado kutoa kabonidioksidi, hivyo mgonjwa hahisi kukabwa ingawa oksijeni inamwishia. Wagonjwa wengi wa mwaka ule walifika hospitali wakitembea kwa miguu yao, wakiwa na viwango ambavyo mganga aliyezoea nimonia ya kawaida angetarajia kumkuta navyo mtu aliyezimia.

Kirusi hiki, kwa jina la kitaalamu SARS-CoV-2, kimefunikwa na protini zilizochomoza kama miiba. Miiba hiyo hushikamana na protini iliyo juu ya seli zetu iitwayo ACE2, kisha kimeng'enya kingine cha mwili wetu wenyewe, TMPRSS2, huikata na kukiwezesha kirusi kuingia ndani. Watu wengi wamekwisha kuusikia mfano wa ufunguo na kufuli, nami niliutumia darasani, lakini mfano huo unaficha jambo la maana. ACE2 haikuwekwa pale ili ifunguliwe. Ina kazi yake. Kuna homoni iitwayo anjiotensini II ambayo hubana mishipa ya damu, hupandisha presha na huchochea uvimbe katika tishu. ACE2 huikata homoni hiyo na kuigeuza kuwa kitu chenye kazi ya kinyume, yaani kinacholegeza mishipa na kutuliza uvimbe. Kirusi kinapoingia kwa kupitia ACE2, seli huivuta protini hiyo ndani pamoja nacho, na idadi yake juu ya seli hupungua. Mwili hupata mgeni mharibifu na wakati huo huo hupungukiwa na mtulizaji wake.

Tena ACE2 haipo puani na mapafuni peke yake. Ipo kwa wingi katika utumbo mwembamba, ipo katika mirija ya figo, ipo moyoni na katika seli zinazoizunguka mishipa midogo ya damu. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa waliharisha kabla hata ya kukohoa, nasi tukadhani wamekula chakula kibovu.

Mapafuni kwenyewe uharibifu unaeleweka kwa urahisi. Mtu mzima ana vifuko vya hewa kati ya milioni 300 na 500, na ukuta wa kila kimoja ni mwembamba kiasi kwamba oksijeni huupenya kwa kufumba na kufumbua. Zipo seli katika kuta hizo zinazotengeneza ute maalumu wa kuzuia vifuko visinywee kila mtu anapotoa pumzi, na seli hizo ndizo zenye ACE2. Zikifa, vifuko hunywea. Kuta zikivimba, majimaji huvuja kutoka kwenye damu na kujaa mahali palipokuwa pa hewa. Picha ya eksirei ya shangazi ilionyesha ukungu mweupe pande zote mbili. Hadi hapo "changamoto ya upumuaji" ilikuwa jina sahihi kabisa.

Kuanzia hapo jina hilo halitoshi tena, na hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Mshipa wa damu si bomba. Ndani yake umetandikwa utando wa seli tambarare, unene wa seli moja tu, uitwao endothelia, na utando huo ndio unaoamua nini kivuje na nini kibaki, mshipa ubane au ulegee, na zaidi ya yote, damu iendelee kuwa majimaji au igande. Ukiwa mzima, hutoa kemikali zinazozuia chembe sahani, zile chembe za damu zinazoanzisha kuganda, zisishikane. Ukiumia, hufanya kinyume: humwaga vitu vinavyoita kuganda, kama unavyopaswa kufanya ukijikata kidole. Mwezi Aprili 2020 madaktari wa Zurich, Uswisi, walieleza wagonjwa ambao utando huo ulikuwa umeshambuliwa na kuvimba katika viungo mbalimbali, figo na utumbo vikiwemo. Mwezi uliofuata kundi la watafiti wa Ulaya na Marekani walitoa matokeo ya kuchunguza mapafu ya watu saba waliokufa kwa korona na kuyalinganisha na ya watu saba waliokufa kwa homa kali ya mafua. Mapafu ya makundi yote mawili yalikuwa yameharibika, lakini katika kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, za vifuko vya hewa vya waliokufa kwa korona madonge madogo ya damu yalikuwa mara tisa zaidi. Watu kumi na wanne ni wachache, na nisingejenga nyumba juu ya utafiti wa ukubwa huo peke yake. Hata hivyo ulieleza kitu ambacho wauguzi walikuwa wakikiona kwa macho yao: mgonjwa anapewa oksijeni, hewa inafika kifukoni, lakini damu ya kuipokea haipiti kwa sababu kijia chake kimezibwa.

Ukiuangalia ugonjwa kwa upande wa mishipa, kadi za shangazi huanza kufanana. Hakuna kiungo kisicho na kapilari. Figo ni fundo la kapilari zinazochuja damu, moyo hulishwa kwa mishipa yake wenyewe, na ubongo hutumia takriban moja ya tano ya oksijeni yote ya mwili. Kitu kinachoharibu utando wa mishipa hakihitaji kusafiri kwenda figoni, kwa sababu damu ndiyo njia yenyewe.

Kadi ya mguu ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa kuwa mkono wangu umo. Wiki tatu baada ya kurudi nyumbani, shavu la mguu wake wa kushoto lilivimba, likawa la moto na kuuma. Tukafanya kile ambacho kila nyumba ya Waswahili ingefanya: maji ya moto, mafuta ya nazi, na kuchua. Nilimchua mwenyewe jioni mbili mfululizo, naye akinihimiza, "Kaza mkono, mwanangu, hapo hapo." Lilikuwa donge la damu katika vena ya ndani, mshipa unaorudisha damu moyoni. Mguu wa namna hiyo hauchuliwi, kwa sababu donge linaweza kung'oka, likapanda na mkondo hadi upande wa kulia wa moyo, kisha likaenda kuziba mshipa wa mapafu na kuua kwa dakika chache. Sikulijua hilo, mwalimu wa baiolojia ninayechora njia hiyo hiyo ya damu ubaoni kila mwaka. Utafiti mkubwa wa Sweden uliochapishwa mwaka 2022, uliofuatilia watu zaidi ya milioni 1 walioambukizwa, ulionyesha kwamba hatari ya kupata donge la miguuni hubaki juu hadi miezi mitatu baada ya maambukizi, na ile ya donge la mapafuni hadi miezi sita. Karatasi ya kuruhusiwa ilituagiza anywe maji mengi na apumzike. Haikusema lolote kuhusu miguu, na mapumziko yenyewe, kulala siku nzima bila kutembea, huchangia damu kuganda.

Kinga ya mwili nayo ina sehemu yake katika madhara haya. Katika wiki ya kwanza kirusi huzaliana. Katika wiki ya pili, kwa baadhi ya watu, kirusi huanza kupungua huku jeshi lililoitwa kukipiga likiwa limepoteza nidhamu, na kemikali za kuamsha uvimbe husambaa mwili mzima. Ushahidi mzuri wa jambo hili ulitoka kwenye jaribio la tiba lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford. Tarehe 16 Juni 2020 walitangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu iliyokuwa ikitumika kwa takriban miaka 60, ikitolewa miligramu 6 kwa siku kwa muda usiozidi siku kumi, hupunguza vifo kwa karibu theluthi moja miongoni mwa wagonjwa walio kwenye mashine ya kupumulia, na kwa karibu moja ya tano miongoni mwa wanaopewa oksijeni bila mashine. Wale ambao hawakuhitaji oksijeni hawakunufaika nayo. Dawa hiyo haimgusi kirusi hata kidogo. Inatuliza kinga. Kwamba dawa ya kutuliza kinga iliokoa watu katika ugonjwa wa kuambukiza ni jambo ambalo mwaka 2019 lingemfanya mwanafunzi wangu apigiwe mstari mwekundu.

Shangazi aliipata dawa hiyo, na ninaamini ilimwokoa. Ni dawa inayopandisha sukari pia. Sukari yake ilipanda wodini, wakasema itashuka dawa ikikoma. Dawa ikakoma, sukari haikushuka. Kama kirusi chenyewe kilichangia, au kisukari kilikuwa kimejificha miaka mingi bila kupimwa, hakuna mtu anayeweza kusema kwa mgonjwa mmoja mmoja. Mama aliyekuwa na presha tangu mwaka 2014 na aliyependa chai ya maziwa yenye vijiko vitatu huenda alikuwa njiani kuelekea huko tangu zamani. Ninachokijua ni kwamba tafiti za watu wengi zimeonyesha kisukari kipya kikijitokeza zaidi miongoni mwa waliougua kuliko miongoni mwa wasiougua, na kwamba hakuna aliyempa shangazi tarehe ya kurudi kupimwa. Aligundulika Juni, alipoanguka sokoni.

Figo ziligundulika kwa njia hiyo hiyo ya bahati. Mgonjwa mahututi wa korona anaweza kupoteza figo kwa sababu tatu au nne zinazokutana: oksijeni kidogo, presha inayoshuka, madonge madogo katika vichujio, uvimbe wa mwili mzima. Nchi tajiri zilipungukiwa mashine za kusafisha damu katika miezi ya mwanzo. Huku kwetu upungufu haukusubiri korona. Utafiti uliochapishwa Mei 2021, uliohusisha hospitali 64 katika nchi kumi za Afrika, Kenya ikiwemo, ulikuta kwamba asilimia 48.2 ya wagonjwa wa korona waliopokelewa katika wodi za uangalizi maalumu walikufa ndani ya siku 30. Shangazi hakufika wodi hiyo. Figo zake zilififia kimyakimya, nazo zina tabia mbaya ya kutolalamika hadi zibakiwe na nguvu kidogo sana.

Nimesema kirusi cha njia ya hewa kinaweza kufika mbali, na nisingependa msomaji adhani ni maajabu ya korona peke yake. Wazee wetu walilijua jambo hili kwa ugonjwa wa surua bila kuwa na maneno ya maabara. Surua tunaiita ya ngozi kwa sababu tunauona upele, ilhali huingia kwa pumzi. Kirusi chake hupanda juu ya seli za kinga zilizo mapafuni, huenda nazo hadi kwenye tezi za limfu, na kutoka hapo husambaa mwili mzima ndipo upele uonekane. Bibi yangu alikuwa akisema mtoto aliyetoka surua "hana mwaka", akimaanisha kwamba mwaka mzima baadaye kila gonjwa litampata. Mwaka 2019 watafiti walipima damu ya watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, kabla na baada ya kuugua surua, wakakuta kwamba walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Bibi hakuwa na kipimo, lakini hesabu yake ilikuwa nzuri.

Homa ya mafua nayo, ile ambayo tunaipuuza, hugonga moyo. Utafiti wa Ontario, Canada, uliotolewa mwaka 2018, uliwachukua watu waliothibitika kuwa na kirusi cha homa hiyo na waliowahi kulazwa kwa shambulio la moyo, jumla ya mara 364, ukalinganisha siku saba za baada ya kipimo na nyakati nyingine za maisha yao hao hao. Shambulio la moyo lilikuwa mara sita zaidi katika wiki hiyo. Kuhusu korona, kumbukumbu za askari wastaafu wa Marekani 153,760 walioambukizwa zilionyesha kwamba hatari ya magonjwa ya moyo, kiharusi na madonge ya damu ilibaki juu mwaka mmoja baadaye, hata kwa wale ambao hawakulazwa, ingawa kwa waliolazwa ilikuwa kubwa zaidi. Wengi wao ni wanaume weupe wenye umri mkubwa, hivyo tarakimu zao haziwezi kuhamishiwa Tanga kama zilivyo. Nazichukua kama dira.

Kuna hasara moja ambayo haikuandikiwa kadi. Shangazi alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi za Ngamiani, hitima, maulidi, yeye ndiye aliyekuwa akiitwa kuangalia viungo kabla pilau haijawekwa mekoni, na alikuwa na uwezo wa kunusa mdalasini ulio ndani ya karatasi na kukwambia umekaa dukani miezi mingapi. Harufu ilimtoka siku ya tatu ya ugonjwa. Watafiti walipochunguza dari ya pua walikuta kwamba neva zenyewe za kunusa hazina ACE2 ya kutajika. Zinazoshambuliwa ni seli tegemezi zinazozizunguka na kuzilisha. Neva ikipoteza walezi wake hunyamaza. Kwa walio wengi seli hizo huota upya baada ya wiki chache na harufu hurudi. Kwa shangazi ilirudi baada ya miezi mitano, ikiwa imevurugika: kahawa ikawa inanuka kama tairi linaloungua, na vitunguu vinavyokaangwa vikawa vinamtapisha. Siku moja aliniletea ganda la mdalasini kiganjani. "Mwanangu, hebu ninusie hii. Nzima au imekufa?" Nikanusa, nikamwambia ni nzima. Akaitazama kwa muda kama mtu anayesomewa barua ya lugha asiyoijua, akairudisha mkebeni.

Sijui kama usahaulifu wake wa siku hizi una uhusiano na hayo. Ana miaka sitini na tano, na umri una haki yake. Lakini Waingereza walikuwa na hazina ya picha za ubongo zilizopigwa kabla ya janga, wakawaita tena watu 785 wa umri wa miaka 51 hadi 81, ambao 401 kati yao walikuwa wameambukizwa katikati ya picha mbili. Matokeo yaliyotolewa Machi 2022 yalionyesha kwamba walioambukizwa, wengi wao kwa ugonjwa mwepesi, walipungua zaidi unene wa gamba la ubongo katika maeneo yanayohusiana na kunusa. Tofauti ilikuwa ndogo. Kwa mpishi, nafikiri, hata tofauti ndogo ya mahali hapo ni kubwa.

Swali la muda gani kirusi hubaki mwilini lilinisumbua kwa muda mrefu. Desemba 2022 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuchunguza maiti 44 za watu waliokuwa na korona. Walipata chembe za urithi za kirusi hicho katika viungo vingi nje ya mapafu, ubongo ukiwemo, na katika mtu mmoja hadi siku 230 baada ya dalili kuanza. Hao walikuwa waliokufa, wengi kwa ugonjwa mkali, na kukuta chembe za urithi si sawa na kukuta kirusi kilicho hai kinachozaliana. Nalitaja kwa sababu linaondoa ile picha ya zamani niliyokuwa nikiichora, ya mgeni anayeingia kwa mdomo na pua, kufanya fujo kifuani, kisha kutoka kwa njia ile ile.

Nami sipaswi kumtisha mtu. Walio wengi walioambukizwa walipona bila kadi mpya, na chanjo, ambayo kwa Tanzania ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021, imepunguza sana uwezekano wa kufikia alipofika shangazi. Yeye aliugua miezi mitano kabla. Kilichobaki mikononi mwetu ni jinsi ya kumtazama mtu aliyekwisha kupita huko. Kliniki alizokwenda zilipangwa kama kitabu changu cha kiada: Jumatatu presha, Jumanne kisukari, Alhamisi figo, na ya mguu kila baada ya miezi mitatu. Daktari wa sukari alimpa dawa bila kuuliza figo. Daktari wa mguu alimpa dawa ya kuzuia damu kuganda, na dukani akauziwa pamoja nayo vidonge vya maumivu ambavyo havifai kuchanganywa nayo wala haviifai figo iliyochoka. Sidhani kama kuna aliyekuwa mzembe. Kila mmoja alisoma kadi aliyopewa, na shangazi, kwa adabu ya kizazi chake, alitoa kadi ya siku hiyo tu, akiona kuonyesha nyingine ni kumpotezea daktari muda.

Mwaka jana, siku ya figo, alikuta daktari kijana aliyekuwa zamu, binti ambaye hata kiti alikipisha na kumwamkia shikamoo kabla ya kugusa faili. Alimwuliza kama ana karatasi nyingine zozote. Shangazi akatoa fungu zima kwenye pochi, akafungua mpira. Daktari akazipanga kadi nne mezani, akazisogeza hadi kingo zikagusana, akazisoma tarehe kuanzia kushoto kwenda kulia, kisha akainua uso.

"Mama, mwaka 2021 mwanzoni, uliumwa nini?"

"Niliumwa mafua," shangazi akamjibu.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Daktari akachukua kalamu, akaniashiria niingie na kuvuta kiti.